Ushuhuda wa Damu juu ya Mifupa

Watu wengi, hata waliojaliwa kusoma, hudhani kwamba mfupa ni kitu kilichokwisha kuumbwa, ambacho mtu akishabaleghe hukaa mahali pake kimya na kigumu, kikichukua uzito wa nyama na ngozi bila ya kudai chochote, hata siku kitakapovunjika kwa ajali au siku mwenyewe atakaporejea kwa Mola wake. Dhana hii ina udhuru, kwa kuwa mifupa tuionayo kwa macho yetu aghlabu ni ile ya mchuzini, iliyokwisha kutokwa na uhai, wala haina alama ya kumfanya mtu ashuku kwamba ilipata kuwa na kazi nyingine zaidi ya kuusimamisha mwili. Lakini mfupa ulio ndani ya kiumbe hai haujui utulivu. Usiku na mchana humegwa na kujengwa upya, kipande kidogo hapa na kipande kidogo pale, hata kwa mtu mzima yapata sehemu moja katika kumi ya mifupa yake yote hufanywa upya kila mwaka. Ziko seli ambazo kazi yake ni kuumega mfupa mkongwe, nazo wataalamu huziita osteoklasti. Na ziko nyingine, osteoblasti, ambazo huja nyuma yake zikalijaza shimo lililoachwa. Kumega hutimia kwa wiki mbili au tatu, ilhali kujaza huchukua miezi mitatu au minne. Na madhali ubomozi una haraka na ujenzi una taratibu, kila jambo linalozidisha mashimo, kama vile kukoma kwa hedhi, au dawa za jamii ya kotisoni zilizotumiwa muda mrefu, au kulala kitandani miezi mingi kwa maradhi, humwacha mtu na mfupa pungufu kabla hajahisi maumivu yoyote.

Sasa kila kinachomegwa mfupani na kila kinachojengwa humo huacha athari yake damuni, na juu ya jambo hili moja ndipo uliposimama upimaji wote ninaokusudia kuueleza. Lakini ni vema niseme mapema, kwa kuwa wengi huliendea jambo hili kwa tamaa isiyo mahali pake, kwamba damu hushuhudia mwendo wa kazi ya mfupa, haishuhudii wingi wa mfupa wenyewe. Mwenye duka aweza kuijua hali ya mali yake kwa kuingia ghalani akahesabu magunia, au kwa kulifungua daftari akatazama kilichoingia na kilichotoka jana. Na hesabu hizi mbili hazifanani, maana mwenye magunia elfu yamkini yu katika kufilisika, na mwenye magunia kumi yamkini biashara yake imetulia. Ile picha ya mionzi inayopima uzito wa madini ya mfupa, iitwayo DXA, ambayo juu yake Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 1994 kipimo cha kuutambua ugonjwa wa kudhoofika kwa mifupa, yaani kushuka kwa mikengeuko sanifu 2.5 chini ya wastani wa kijana mwenye siha, hiyo ndiyo hesabu ya ghala. Damu ni daftari. Anayetaka daftari limpe idadi ya magunia ataondoka amekasirika, na kosa si la daftari.

Kisa kilichowafundisha matabibu kulisoma daftari hilo, tena kwa gharama kubwa, ni kile cha nahodha mmoja wa Marekani, Charles Martell, aliyekuwa akiongoza meli za biashara. Mwaka 1918 alikuwa kijana mrefu wa futi 6 na inchi 1. Kisha, bila ya ajali ya maana, mifupa yake ikaanza kuvunjika kwa sababu ndogo ndogo, mgongo ukapinda, kifua kikatokeza mbele, na ilipofika mwaka 1926 kimo chake kilikuwa kimepungua inchi 7. Katika hospitali ya Bellevue, mjini New York, Daktari Eugene DuBois alimpima damu, akaona kalsiamu imezidi mno kadiri yake na fosforasi imepungua. Ikumbukwe kwamba kupima kalsiamu katika kiasi kidogo cha damu kulikuwa kungali jambo geni. Njia ya Kramer na Tisdall, iliyokirahisisha kipimo hicho hata kikaweza kutumika wodini, ilitangazwa mwaka 1921 tu. Na mwaka 1925 mtaalamu wa Kanada, James Collip, alikuwa ametoa dondoo la vitezi vya parathiroidi, vile vinne vidogo vinavyokaa nyuma ya tezi ya koo, akawadunga mbwa na kuona kalsiamu ya damu yao ikipanda. DuBois akayaweka mambo haya mawili pamoja: damu ya nahodha ilikuwa kama damu ya mbwa wale. Hivyo akahukumu kwamba mahali fulani mwilini mwa mtu huyu kiko kitezi cha parathiroidi kinachofanya kazi kupita mpaka, kikiamrisha mifupa imegwe na chokaa yake imwagwe damuni.

Hukumu hiyo ilikuwa sahihi, nayo ilipatikana kwa damu tu. Nahodha akapelekwa Boston, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, akapasuliwa shingo. Vikaonekana vitezi visivyo na kasoro, wala uvimbe haukuonekana. Akapasuliwa tena, na tena, mara sita jumla, kwa muda wa miaka sita, na kila mara kalsiamu ilibaki juu vile vile huku mwili ukizidi kudhoofika na mawe yakijaa katika figo. Husimuliwa kwamba mwenyewe, akiwa amechoshwa na visu vya shingoni, alivisoma vitabu vya elimu ya viungo vya mwili, na ndiye aliyewahimiza wapasuaji watafute kifuani. Mwaka 1932, katika upasuaji wa saba, Edward Churchill na Oliver Cope wakakifungua kifua na kuukuta uvimbe huo mahali ambapo kitezi hicho hakitazamiwi kukaa. Wakauondoa karibu wote. Lakini figo zilikuwa zimekwisha kuharibika kwa mawe, na wiki chache baadaye nahodha akafariki.

Huko Vienna jambo la namna hii lilikuwa limetukia mwaka mmoja kabla ya Martell kufika kwa DuBois. Kondakta wa tramu aitwaye Albert Jahne, ambaye maumivu ya mifupa yalikuwa yamemlaza, alipasuliwa mwaka 1925 na Felix Mandl. Wakati ule rai iliyotawala, ya Jakob Erdheim, mwanazuoni mkubwa wa maradhi mjini humo, ilikuwa kwamba vitezi hivi hukua kwa sababu mfupa ni mgonjwa, ili viusaidie. Kwa hiyo Mandl kwanza alimpandikizia mgonjwa wake kitezi kingine, naye hakupata nafuu. Ndipo akaigeuza fikira yake, akautoa uvimbe badala ya kuongeza, na Jahne akasimama akatembea, ijapokuwa baada ya miaka kadhaa maradhi yalimrudia. Nimevikumbusha visa hivi viwili pamoja kwa sababu katika vyote viwili wasomi walikuwa na mfupa uliovunjika mbele ya macho yao, nao haukuwaambia kitu kuhusu chanzo chake; kilichoeleza ni chumvichumvi za damu na mkojo. Tena kisa cha nahodha kina zaidi, maana kinaonyesha mpaka wa ushuhuda wenyewe: damu ilisema kweli tangu 1926 kwamba kitezi kimeasi, wala haikuweza kusema kimekaa wapi.

Kutokana na visa hivyo kumezuka kosa moja ambalo naliona kila siku likiwapumbaza watu, nalo ni kuidhania kalsiamu ya damu kuwa kipimo cha mifupa. Mtu hupewa karatasi yake ya maabara, aone imeandikwa kalsiamu 2.4, ambayo imo ndani ya kadiri ya kawaida kati ya 2.2 na 2.6 milimoli kwa lita, aende zake akimshukuru Mungu kwamba mifupa yake ni mizima. Lakini mwili wa mtu mzima una kalsiamu ipatayo kilo moja, na katika kilo hiyo sehemu 99 kwa mia zimo mifupani. Kile kichache kinachozunguka damuni ndicho kinachoendesha mapigo ya moyo, mishipa ya fahamu na mikazo ya misuli, nacho hakiruhusiwi kupungua hata kidogo. Kikitaka kupungua, vitezi vya parathiroidi hutoa homoni yake, na mfupa hulazimishwa kulipa. Maana yake ni kwamba damu huwa na kalsiamu timamu kwa sababu mfupa umegharimika, na ajuza ambaye uti wake wa mgongo umeshindiliwa kama kikapu aghlabu huwa na kalsiamu ya damu isiyo na ila yoyote. Hesabu hii ina faida pale tu inapotoka nje ya mpaka wake, juu au chini. Ikiwa kati, haikanushi wala haithibitishi.

Kwa sababu hiyo tabibu mwenye hadhari hapimi kalsiamu peke yake, bali huipima pamoja na homoni ya parathiroidi, ambayo tangu Solomon Berson na Rosalyn Yalow na wenzao walipoonyesha mwaka 1963 namna ya kuipima katika damu ya binadamu, imekuwa ndiyo mwenza wa kuifasiri. Kalsiamu ikiwa juu na homoni nayo ikawa juu, hali ingekuwa imeshuka kama kitezi kingekuwa kitiifu, basi kuna uvimbe wa namna ya nahodha Martell. Kalsiamu ikiwa ya kawaida na homoni ikawa juu, basi mwili unahangaika kuitunza, na sababu mara nyingi ni upungufu wa vitamini D au udhaifu wa figo. Kalsiamu ikiwa juu na homoni ikawa imezimika kabisa, hapo tabibu hushughulika haraka, kwani huenda ni saratani, hususan ile ya uboho wa mifupa iitwayo mayeloma, ambayo nayo hutafutwa kwa damu, kwa kuzitenga protini zake.

Nirudi katika ujenzi. Mwaka 1923, katika taasisi ya Lister mjini London, Robert Robison alionyesha kwamba mifupa ya wanyama wachanga ina kimeng'enya cha kuivunja michanganyiko ya fosfeti, akawaza kwamba hicho ndicho kinachosaidia madini yatuame mfupani. Kufikia mwaka 1930, mwenziwe H. D. Kay alikuwa ameonyesha kwamba kimeng'enya hicho huzidi damuni mwa wenye maradhi ya mifupa, kama vile matege ya watoto na ugonjwa wa Paget. Tangu wakati ule fosfatasi ya alkali imekuwa kipimo cha mifupa kilichozeeka kuliko vyote vingalivyo kazini, na kizuri chake ni kwamba ni cha bei ndogo, hata maabara zisizo na makuu huweza kukifanya. Ubaya wake ni kwamba kimeng'enya hicho hutoka inini pia, na kwa mja mzito hutoka katika kondo la nyuma, na kwa mtoto anayekua huwa juu kwa sababu njema kabisa. Nimepata kuona mama akihangaishwa na karatasi ya mwanawe wa miaka kumi na mitatu iliyopigiwa alama nyekundu, kumbe kilichoonekana humo ni kurefuka kwa kijana tu.

Ubomozi ulichelewa kupata kipimo kizuri. Kwa miaka mingi ulipimwa mkojoni kwa kutafuta haidroksiprolini, kipande cha kolajeni, ambayo ndiyo protini iliyo kama kamba ndani ya mfupa. Na mgonjwa alilazimika kukusanya mkojo wake wa saa 24 katika chupa kubwa, akijizuia asile vyakula vyenye jelatini, kwani nayo ni kolajeni na hujitia katika hesabu. Watu hawakukipenda kipimo hicho, nami siwalaumu. Katika miaka ya 1990 wataalamu waliweza kuinasa damuni ncha mahususi ya kolajeni inayokatwa wakati osteoklasti zinapoumega mfupa, wakaiita kwa ufupi CTX. Upande wa pili, wakati osteoblasti zinaposokota kolajeni mpya, hukata kipande cha mwanzo kisichohitajiwa tena na kukiachilia damuni, nacho huitwa P1NP. Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Osteoporosisi pamoja na shirikisho la kimataifa la wakemia wa hospitali waliafikiana kwamba CTX iwe ndiyo kipimo cha marejeo cha kubomoa, na P1NP iwe ndiyo kipimo cha kujenga, ili wasomi wa nchi mbalimbali wapate kusemezana kwa lugha moja. Hayo ndiyo majina mawili ambayo mgonjwa wa leo atayakuta katika karatasi yake, ikiwa ana bahati ya kuwa karibu na maabara kubwa.

Hapa inafaa kuangalia kwa karibu namna damu yenyewe inavyotolewa, kwa maana katika jambo hili kosa la mkono laweza kuiharibu elimu yote iliyotangulia. CTX hufuata saa. Usiku wa manane hupanda, hufikia kilele kabla ya alfajiri, kisha hushuka mpaka mchana. Fauka ya hayo, mtu akila tu hushuka, kwa kuwa chakula kikishuka tumboni mwili huacha kuubana mfupa. Kwa hiyo damu ya CTX hutolewa asubuhi, baina ya saa mbili na saa nne, mtu akiwa hajatia kitu kinywani tangu usiku isipokuwa maji. Na katika mwezi wa Ramadhani wafungaji huweza kughurika: mtu hufika alasiri akasema kwamba amefunga, na kweli amefunga, lakini saa si ile, au hufika asubuhi naye amekula daku saa kumi za usiku, ambapo tumbo halijakaa tupu muda wa kutosha. P1NP haina udhia huu. Hupimwa asubuhi au jioni, tumbo tupu au limejaa, kwa tofauti ndogo isiyodhuru.

Kisha kuna vichupa. Mtoa damu anayeijua kazi yake hatafunga mpira mkononi kwa muda mrefu wala hatamwambia mgonjwa afumbe na kufumbua ngumi mara nyingi, kwa sababu maji hutoka mshipani, protini hubaki, na kalsiamu inayoshikana na albumini huonekana nyingi kuliko ilivyo. Kwa sababu hiyo hiyo, mgonjwa aliyedhoofika ambaye albumini yake imeshuka huonekana ana kalsiamu chache ilhali sehemu ile iliyo huru, ambayo ndiyo ifanyayo kazi, haikupungua. Na tabibu hana budi kulirekebisha jambo hilo kwa hesabu. Kichupa chenye kizibo cha zambarau kina dawa ya EDTA, inayozuia damu isigande kwa kuishika kalsiamu yote iliyomo. Kichupa hicho ni kizuri kwa CTX, maana humo hudumu bila ya kuharibika upesi, lakini ni sumu kwa kipimo cha kalsiamu. Mhudumu mwenye haraka, aliyeona kichupa cha kizibo chekundu hakikujaa akamiminia humo masalio ya kile cha zambarau, huipelekea mashine damu isiyo na kalsiamu, yenye potasiamu ya kutisha. Na mashine, isiyojua hila wala haya, huchapa hesabu za mtu ambaye ingempasa awe amekwisha kufa, naye yumo barazani ananunua kahawa.

Jambo jingine la siku hizi ni vidonge vya bayotini, ambavyo wanawake wengi hunywa kwa ajili ya nywele na kucha. Baadhi ya mashine za maabara huishika damu kwa njia inayotegemea bayotini, na mtu aliyekunywa dozi kubwa huweza kupata CTX au homoni ya parathiroidi ya chini isiyo ya kweli. Idara ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hili mwaka 2017. Watu hawavitaji vidonge hivyo wanapoulizwa dawa wanazotumia, kwa kuwa kwao si dawa.

Vitamini D ina mlango wake peke yake. Inayopimwa ni ile iliyopita inini, ishirini na tano haidroksi, wala si ile iliyokamilishwa na figo. Kwani hii ya pili, kwa msukumo wa homoni ya parathiroidi, huweza kuwa ya kawaida hata juu kwa mtu ambaye akiba yake imekauka, na anayeiagiza kwa kudhani kwamba iliyo kamili ndiyo bora hujipotezea fedha na akili. Wengi wa wataalamu hukubali kwamba nanomoli 50 kwa lita zatosha mifupa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, walitangaza hesabu za Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, watu 60 wanaoishi kwa desturi za kale chini ya jua, na wastani wao ulikuwa nanomoli 115. Hiyo ndiyo ngozi nyeusi ikiwa na jua la kuitosheleza. Ngozi hiyo hiyo ikihamia London au Toronto, ikakaa ndani ya makoti miezi sita ya baridi, hali hubadilika kabisa. Na katika nchi za Ghuba, ambako jua si haba, vipimo vingi vimeonyesha upungufu mkubwa, kwa kuwa watu hulikimbia jua lenyewe wakakaa ndani, na nguo huzuia kidogo kilichosalia. Kwa hiyo hoja ya kwamba mtu wa pwani hawezi kupungukiwa kwa sababu anaishi penye jua si burhani. Huulizwa kwanza anaishi vipi katika jua hilo.

Nimesema kwamba damu haihesabu magunia, lakini isidhaniwe kwamba anayeyahesabu amemaliza kazi. Katika pande za Arusha na Mlima Meru maji ya chemchemi na visima vingi yana floraidi nyingi, na wenyeji wanajua meno ya rangi ya kahawia na miguu ya watoto iliyopinda. Floraidi huufanya mfupa uwe mzito katika picha. Wako matabibu waliotamani kuitumia kama dawa, na katika jaribio la Mayo Clinic, Marekani, lililotangazwa mwaka 1990, wanawake 202 waliokoma hedhi walifuatiliwa miaka minne. Uzito wa madini katika pingili za kiuno za waliopewa floraidi uliongezeka asilimia 35, ongezeko ambalo lingemfurahisha kila mpiga picha, lakini uti wao wa mgongo haukupata kinga ya maana, na mifupa mingine ikavunjika zaidi kuliko ya wenzao. Mfupa mwingi si lazima uwe mfupa mwema, na insafu inatutaka tuseme hivyo tunapoisifu picha ya mionzi kama tunavyosema tunapoisifu damu.

Basi damu yafaa nini? Kwanza yafaa kuwatafuta wezi waliojificha: parathiroidi, tezi ya koo iliyochachamaa, figo, mayeloma, upungufu wa vitamini, na mtu yeyote aliyevunjika nyonga au pingili kwa kuanguka kudogo, au aliyepungua kimo, ana haki ya kupimwa haya kabla hajapewa dawa yoyote. Haifai kutumika peke yake kumwambia mtu kama ana osteoporosisi. CTX iliyopanda yaweza kuwa ya mfupa uliovunjika miezi sita nyuma na ungali ukijirekebisha, au ya figo zisizoitoa mkojoni. Wako pia waganga wa meno waliodai kwamba CTX ikiwa chini ya kiwango fulani taya litaoza baada ya kung'olewa jino kwa mtu anayetumia dawa za mifupa. Tafiti zilizofuata hazikuitia nguvu kauli hiyo, ingawa bado yasikika.

Lakini faida yake iliyo kubwa, na kwa rai yangu ndiyo inayouhalalisha upimaji huu katika nchi ambazo mashine za DXA ni chache na aghlabu ziko mijini, ni katika kuifuatilia dawa. Picha ya mionzi husubiri mwaka mmoja au miwili ndipo ionyeshe badiliko la kuaminika. Damu husema katika miezi mitatu. Anayepewa teriparataidi, ambayo ni dawa ya kujenga, P1NP yake hupanda mapema. Anayepewa alendroneti, ambayo huzizuia osteoklasti, CTX yake hushuka kwa kiasi kikubwa, si kwa kijisehemu kidogo, kwa sababu kijisehemu kidogo huweza kuletwa na siku tu. Isiposhuka, tabibu asiharakishe kuilaumu dawa wala kuibadilisha kwa iliyo ghali zaidi. Alendroneti hupenya tumboni kwa shida: hata ikinywewa kwa namna iliyo bora, haifiki sehemu moja kwa mia inayoingia mwilini, na ikinywewa na kahawa au maji ya machungwa, hata kiasi hicho hupungua kwa zaidi ya nusu. Hutakiwa kunywewa asubuhi kabla ya chakula, kwa bilauri nzima ya maji matupu, na mnywaji akae wima nusu saa bila ya kula wala kurudi kitandani. Mgonjwa akiulizwa kama anakunywa dawa yake atajibu kwamba anakunywa, na atakuwa amesema kweli. Akiulizwa anakunywa na nini, atasema na chai ya maziwa, kwa kuwa hakuna aliyemweleza vinginevyo. Hapo huelekezwa, kisha damu hutolewa tena baada ya miezi mitatu mingine, asubuhi saa ile ile na katika maabara ile ile, maana maabara mbili hazitoi hesabu moja kwa damu moja.